Mafundi msituambie gemu za zamani zimekufa, kwenye Linux zinacheza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo linanikera sana siku hizi, na najua mitaani wapo wengi linawagusa ila hawana pa kulisemea. Tangu Microsoft wafunge matengenezo ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, huku kwetu Morogoro mtu akipeleka laptopu yake ya mtumba kwa fundi anaambiwa mashine imepitwa na wakati, Windows 11 haiingii, uza hata kwa hasara utafute nyingine. Akiuliza vipi kuhusu Linux, yaani mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, anajibiwa kwa mkato tu, Linux ni ya watu wa seva, huko gemu hazichezi. Hapo kijana anakata tamaa kabisa maana tusidanganyane, laptopu aliinunua kwa ajili ya shule na kazi ndiyo, lakini jioni ndani yake kuna San Andreas, kuna Vice City, kuna Most Wanted, kuna PES 6, na hivyo ndivyo vitu asivyotaka kuviacha.

Sasa mimi nasema hivi, hiyo kauli ya kwamba gemu hazichezi Linux si kweli, na kwa gemu za zamani ndiyo si kweli kabisa. Zipo gemu za miaka ya 90 na 2000 ambazo Windows ya leo inazikataa au inazichezesha kwa shida, halafu ukizipeleka Linux zinawaka bila kelele. Fundi asiyejua hilo anamtoa mteja hela ya bure, na anayejua akanyamaza ndiyo mbaya zaidi.

Chukua laptopu zilizojaa madukani, mfano HP EliteBook 840 G3 ambayo nadhani kila mtaa inayo. Hiyo ina prosesa ya Intel ya kizazi cha sita. Masharti ya Windows 11 kwa Intel yanaanzia kizazi cha nane na lazima iwepo chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0, kwa hiyo 840 G3 inaachwa nje ingawa ni mzima kabisa, inawaka, betri inabadilishika, RAM inaongezeka. Wapo wanaosema ujisajili tu upate matengenezo ya nyongeza ya Windows 10, sawa, lakini hayo kwa mtu wa kawaida yanafika Oktoba 2026, baada ya hapo tunarudi palepale. Mashine hiyo hiyo ukiiwekea Linux Mint, ambayo ni moja ya Linux zilizopo, inakimbia vizuri, na grafiki yake ya Intel inatosha na kubaki kwa gemu zote nilizozitaja hapo juu.

Kinachofanya gemu ya Windows icheze huko ni programu inaitwa Wine. Watu wengi wakisikia wanafikiri ni kitu kinaigiza kompyuta nzima ndani ya kompyuta, kwa hiyo lazima kiwe kizito, hapana. Gemu yako iliandikwa kwa prosesa ya aina ileile uliyonayo, kwa hiyo hesabu zake zinakwenda moja kwa moja kwenye prosesa bila kuzungushwa popote. Wine inaingia pale tu gemu inapoomba huduma kwa Windows, yaani nifungulie faili hili, nichoree dirisha hapa, nipigie sauti hii, ni kama mkalimani mahakamani, shahidi anaongea lugha yake na hakimu anasikia yake na kesi inaendelea. Ndiyo maana hata laptopu dhaifu inaweza.

Na hiki si kitu cha majaribio kilichoanza juzi. Wine ilianza 1993, mwaka uliofuata Alexandre Julliard akashika uongozi wake na yuko nayo mpaka leo, toleo la 1.0 lilitoka Juni 2008, yaani watu wamekaa miaka 15 wanajenga kabla hata ya kuiita imekamilika. Halafu Agosti 2018 kampuni ya Valve yenye duka la Steam wakatoa Proton, ambayo ndani yake ni Wine hiyohiyo imeongezewa vitu, na Februari 2022 wakaanza kuuza Steam Deck, mashine ya gemu ya kushika mkononi ambayo mfumo wake ni Linux. Kampuni inayoishi kwa kuuza gemu imeweka pesa yake hapo, sasa wewe fundi wa mtaani unaniambiaje Linux haina gemu?

Nirudi kwenye Windows yenyewe kuzikataa gemu zake, maana hapa ndipo watu wanashangaa. Gemu nyingi za enzi ya Windows 95 zilikuja na kiinstolaji cha biti 16, yaani aina ya programu ya kizamani zaidi, hata kama gemu yenyewe ndani ni ya biti 32. Windows ya biti 64 haifungui kabisa programu ya biti 16, na Windows 11 ipo ya biti 64 tu, kwa hiyo unaweka CD, unabofya setup, unaambiwa programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta yako, basi, umeishia hapo. Wine ina uwezo wa kuzifungua. Jambo la pili ni ulinzi wa CD. Gemu nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa na ulinzi wa SafeDisc, uliotegemea faili la secdrv.sys ndani ya Windows. Windows 10 ilipotoka 2015 faili hilo likaondolewa kwa sababu za usalama, na sababu zilikuwa za kweli sibishi, ila matokeo yake mtu aliyenunua CD halali kwa pesa yake anakataliwa na aliyenunua ya kuchoma anacheza. Kwenye Wine hali ya hizo CD ni mchanganyiko, nyingine zinapita nyingine zinagoma, lazima niseme ukweli.

Na Pinball je? Ile gemu ya kwenye Windows XP ambayo kila aliyepita internet cafe enzi zile anaijua. Haikuja tena kuanzia Vista. Raymond Chen wa Microsoft alishaeleza sababu, kwamba walipoihamishia biti 64 mpira ukawa unapita kwenye vitu bila kugonga, na wao wakashindwa kupata kosa liko wapi kwenye kodi waliyokuwa hawakuiandika wenyewe, wakaiacha. Ukichukua folda yake kutoka XP ukaifungua na Wine inacheza, mpira unagonga kama kawaida.

Sasa niseme inavyofanyika kwa mikono maana kuongea tu haitoshi. Nachukua Need for Speed Most Wanted ya 2005 kwa sababu ndiyo ninayoulizwa zaidi. Kwenye Mint unaweka Wine kutoka kwenye ghala la programu la mfumo wenyewe, lakini hakikisha na ile sehemu ya biti 32 imeingia maana gemu hizi karibu zote ni za biti 32, wengi wanakwama hapa halafu wanasema Wine mbovu. (Hilo la biti 32 si dogo. Mwaka 2019 Ubuntu, Linux ambayo Mint imejengwa juu yake, walitangaza wanataka kuacha faili za biti 32, watu wa gemu wakapiga kelele, Valve nao wakasema basi hatutaisapoti Ubuntu hiyo, na ndani ya siku chache Ubuntu wakarudi nyuma wakaziacha zile zinazohitajika. Kwa hiyo msione kelele za watumiaji ni bure.) Ukiweka CD unafungua setup.exe na Wine, inainstoli kama Windows vilevile, next next mpaka mwisho. Wale wa kukopi folda kwa flashi kutoka kwa rafiki mjue kwamba kuna gemu zinatafuta taarifa zake kwenye rejista ya Windows (daftari lake la mipangilio), folda peke yake haitoshi, ila Wine nayo ina regedit yake kwa hiyo hata hilo lina njia.

Baada ya hapo unafungua speed.exe na gemu inawaka. Tatizo utakaloliona ni skrini. Most Wanted ya kompyuta ilitengenezwa kwa skrini za mraba mraba za zamani, kwenye skrini pana ya laptopu ya leo picha inavutwa, magari yanakuwa mapana kama chura. Lipo rekebisho la skrini pana lililotengenezwa na wapenzi wa gemu, ni faili la dinput8.dll na folda la scripts, unaziweka kwenye folda la gemu. Kwenye Windows ingetosha. Kwenye Wine haitoshi, na hii ndiyo siri ndogo inayowashinda watu wengi mno. Wine ina dinput8 yake ya ndani na inaitumia hiyo kwanza, ile uliyoiweka wewe inaiacha imelala. Kwa hiyo unafungua winecfg, dirisha la mipangilio ya Wine, unakwenda kwenye kichupo cha Libraries, unaandika dinput8, unabofya Add, na unahakikisha mbele yake imeandikwa native (ile yako) kwanza halafu builtin (ya Wine). Apply, OK, ukifungua tena gemu skrini yote imejaa na magari yana umbo lake. Ukishalielewa hili umeelewa nusu ya matatizo ya mod zote (nyongeza za mashabiki kwenye gemu), maana mod nyingi za San Andreas na Vice City nazo zinaingilia mlango wa dll kama huo.

Kwa San Andreas ongeza mambo mawili. La kwanza usizime frame limiter (kizuizi cha kasi ya fremu) kwenye mipangilio ya skrini hata kama laptopu yako ina nguvu, maana gemu ile ilihesabiwa kwa kasi ya fremu ndogo, ukiifungulia mhusika wako CJ anaogelea kwa shida na magari yanakuwa ya ajabu, na hilo linatokea Windows na Linux sawasawa, lisije likasingiziwa Wine. La pili usipoteze seviko zako, yaani hatua ulizohifadhi. Kwenye Windows zinakaa ndani ya Documents kwenye folda linaloitwa GTA San Andreas User Files, unalikopi lote na kulibandika kwenye Documents inayoonwa na Wine, ukifungua gemu misheni zote ulizofika zipo. Kuna kijana wa jirani yangu hakutaka kuhama Windows kwa sababu hiyo tu, kamaliza karibu gemu nzima anaogopa kuanza upya na ile misheni ngumu ya treni ya Big Smoke, nikamwonyesha folda, leo anatumia Mint na seviko yake ileile.

Gemu za zamani zaidi kama Age of Empires ya mwanzo zina tabia ya kubadilisha ukubwa wa skrini nzima, inakuwa 800 kwa 600, halafu ikianguka katikati unabaki na desktopu kubwa ajabu, ikoni kama sahani. Dawa yake iko kwenye winecfg hukohuko, kichupo cha Graphics, unaweka tiki kwenye virtual desktop na kuandika ukubwa unaoutaka, gemu inafungiwa ndani ya dirisha lake haigusi kitu kingine. Age of Empires II nayo kwenye Windows 7 ilisumbua watu kwa rangi, maji yanakuwa zambarau nyasi zinakuwa nyekundu, watu walikuwa wanafunga mpaka explorer ndiyo wacheze. Na muziki ukikosekana kwenye gemu za zamani sana ujue ulikuwa wa MIDI, unahitaji kuweka programu ya kuupiga kama FluidSynth au TiMidity. Video za mwanzo zikiwa nyeusi ni kodeki (kisomeo cha video) imekosekana, programu ndogo ya winetricks inakuletea.

Kuhusu grafiki nitasema kwa ufupi. Kuna kitu kinaitwa DXVK kinachogeuza Direct3D, lugha ya picha ya Windows, kuwa Vulkan ambayo Linux inaielewa, na ndicho kilichoifanya Proton iwe na kasi. Laptopu ya Intel kizazi cha sita kuendelea inakibeba. Ya kizazi cha tatu au cha nne Vulkan yake haijakamilika, hiyo usilazimishe, acha Wine itumie njia yake ya kawaida ya OpenGL, kwa gemu za 2005 kurudi nyuma inatosha. Naona watu wanafuata video za YouTube za Wazungu wenye kadi kubwa kubwa, wanalazimisha DXVK kwenye mashine ya 2012, inagoma, wanarudi Windows na hasira zao.

Asiyetaka kugusa haya ya winecfg ipo Lutris, ipo Bottles, zinakupangia kila gemu chumba chake ili mipangilio ya moja isiharibu nyingine. Mwenye bando la kutosha anaweza kuweka Steam na kuingiza gemu isiyo ya Steam, akaichagulia Proton kwenye sehemu ya Compatibility, mara nyingi inamaliza kila kitu. Na kwa wanaotaka kununua gemu za zamani kihalali, duka la mtandaoni la GOG wanauza tangu 2008 bila ulinzi wowote wa kukusumbua, unadaunlodi kiinstolaji unakihifadhi kwenye flashi ni chako, na vinafunguka na Wine.

Lakini niwaombe sana kitu kimoja, hasa wanaochukua gemu kwenye flashi za mtaani. Wine inacheza programu za Windows, na kirusi cha Windows nacho ni programu ya Windows. Kwa kawaida Wine inaipa programu diski ya Z ambayo ni mfumo wako wote, picha zako, vyeti vyako vilivyoskaniwa, kila faili unaloweza kulifungua wewe. Nenda winecfg, kichupo cha Drives, toa hiyo Z kabla hujafungua kitu usichokijua kilikotoka. Sio ulinzi kamili, programu iliyokusudia ubaya inaweza kupata njia nyingine, ila ni bora kuliko kuacha mlango wazi. Nimeona watu wanajisifu Linux haina virusi halafu wanafungua kraki (programu ya kuvunja ulinzi wa gemu) na Wine bila wasiwasi, jamani hapana.

Sitaki pia mtu asome barua hii akadhani kila gemu itacheza. Gemu mpya za mtandaoni zenye ulinzi wa wadanganyifu unaoingia ndani kabisa ya mfumo haziendi. Valorant haichezi. League of Legends ilikuwa inacheza mpaka 2024 wakaleta ulinzi wao wa Vanguard, ikafungwa. GTA Online nayo ikafungwa Septemba 2024, ingawa GTA V ya peke yako inaendelea. Anayeishi kwa hizo abaki Windows, sina ugomvi naye. Mimi naongelea gemu tulizokua nazo, zile ambazo hazimwombi mtu ruhusa kwenye intaneti ndiyo ziwake.

Ombi langu kwako Mhariri ni hili. Gazeti lako lina ukurasa wa teknolojia na tunausoma, lakini wiki hadi wiki ni simu mpya, bei ya simu mpya, kamera ya simu mpya. Msomaji mwenye laptopu ya mtumba hapati kitu chake. Maelezo ya Wine yapo mengi kwa Kiingereza, kwa Kiswahili unatafuta unachoka, na kijana wa kidato cha pili anayejua Kiswahili vizuri na Kiingereza cha kubahatisha anaachwa hapo. Tengeni hata robo ukurasa, gemu moja kila wiki, iliwekwaje, ilikwama wapi, ilifunguliwaje. Wasomaji wenyewe watakuletea mbinu zao, nakuhakikishia, maana nikikaa na vijana hapa kila mmoja ana gemu moja aliyoifanyia kazi mpaka ikakubali na hana pa kuiandika.

Na mafundi, tafadhali, mteja akija na 840 G3 yake mkononi kabla hujamwambia auze, muulize anachezea nini. Akitaja gemu za miaka ile muwekee Mint na Wine ya biti 32, umlipishe kazi yako kwa haki, hamna anayesema ufanye bure. Ukikwama kwenye dinput8 nimeshaandika hapo juu pa kubofya.

Wiki ijayo nikipewa nafasi nitaandika ya Vice City, maana faili lake la kuiwashia, gta-vc.exe, lina vituko vyake na skrini pana na kuna wasomaji wa Kilosa na Ifakara wameshaniuliza.

Ni mimi msomaji wako,
Mpenzi wa gemu za zamani,
Morogoro.